Ingokho ya Upande wa Pili wa Miwa

Jescah aliingia dukani kwa Bravin Jumatatu asubuhi bila kubisha hodi. Mtu aliyezoea kumwona akiingia pale angejua papo hapo kwamba leo mambo si mambo. Siku nyingine angesimama kwanza mlangoni amtazame Bravin alivyoinamia kompyuta ya mteja, angoje mpaka yule kijana ahisi anatazamwa na ainue macho. Kule kuinua macho kulikuwa kumemlisha Jescah mwaka mzima. Leo alikwenda moja kwa moja mpaka mezani, akaiweka GPS yake juu ya rundo la nyaya, akasema, "Funga mlango tuongee."

Bravin hakufunga mlango. Alimtupia jicho mara moja tu, kisha akarudisha macho kwenye bisibisi.

"Tuongee nini tena? Si tulimaliza kwa simu."

Kwa simu hawakuwa wamemaliza chochote. Walifokeana tu Jumamosi jioni mpaka Bravin akakata, na tangu hapo simu yake ikawa haipatikani. Kabla hawajaanza upya, afadhali nikueleze msiba wenyewe, maana hawa wawili wakishashikana kwa maneno hawamngoji mtu.

Jumamosi ndiyo siku wazee wa Bravin walitoka Likuyani kuja Mayoni kumposa Jescah. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika huko, hata Bravin mwenyewe. Mzee Masinde, baba yake Jescah, alikuwa amekubali shingo upande. Mama Pascalia, mama yake, alichinja kuku wawili, akasonga obusuma, ugali wa wimbi, akaazima benchi za kanisa. Wakangoja mpaka mchuzi ukaganda. Wageni hawakuonekana. Kumbe wageni walikuwa wamefika zamani, ila wamefikia kwa Mzee Isaiah, kaka mkubwa wa Masinde, ng'ambo ya shamba la miwa. Na Masinde na Isaiah hawajasalimiana tangu siku walipogombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao.

Isaiah aliwakaribisha. Wageni wakala kuku wake, ingokho ya heshima, na huko kwao mgeni wa posa akishakula kuku nyumbani mwa mtu, hapo ndipo alipobisha hodi. Hawezi kupangusa mdomo akaenda kula kwingine, kama mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba akitafuta mabinti. Walipoambiwa ukweli baada ya kula, wazee wa Bravin walirudi Likuyani wamenuna, Masinde akaapa hataki kusikia habari ya posa tena, na vijana wetu wakabaki kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

"Mimi sikulala," Jescah alisema. "Nataka uniambie uliandika nini kwa ramani ya simu yako."

"Niliandika ile umenituma."

"Haiwezekani. Nilisimama mlangoni kwa jikoni ya mama, nikachukua pointi, nikakutumia."

Bravin aliweka bisibisi chini. Uso wake ulikuwa umechoka, na Jescah alipoona vile alivyochoka alitamani kuunyoosha mkono amguse shavu, halafu akajikumbusha kwamba amekuja kugombana.

"Unajua nilikuwa mbele yao?" Bravin alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Jescah zaidi. "Mjomba Protus alitaka tuulize watu njia. Mara tatu alitaka tuulize. Mimi nikasema hapana, Jescah amenipa pointi, hii kitu haipotezangi mtu. Nikawavusha kwa miwa na viatu vyao vya kanisa mpaka kwa adui ya babako."

"Na hukuona siko?"

"Ningekuonea wapi? Si msichana huwekwanga jikoni mpaka aitwe?" Akasukuma nyaya kando. "Jescah, niambie ukweli. Uliwahi kuniambia babako mkubwa ndiye anakupenda. Ukasema kama ingekuwa yeye, angekubali siku hiyo hiyo. Ulitupeleka kule kwa kutaka?"

Ni kweli aliwahi kusema hivyo, siku moja msituni, akicheka, mguu mmoja ndani ya matope. Sasa maneno yale yalikuwa yamerudi yakiwa na sura mbaya. Aliona kwamba mtu aliyempenda kuliko watu wote alikuwa ameishi siku mbili akiamini amechezewa, na kwamba kama jambo hili halitanyooka asubuhi hii, basi hakuna arusi wala hakuna chochote.

"Chomeka," akasema, akiisukuma ile GPS kuelekea kwake. "Chomeka kwa laptop tuone."

Ile GPS ilikuwa na historia yake. Bravin alikuwa na mchezo ambao mjini Kakamega wengi waliuona ni wa mtu asiye na kazi. Watu huficha vikasha msituni, huweka namba za mahali penyewe kwenye mtandao, na wengine huja kuvitafuta. Ukikipata kikasha unaandika jina lako ndani na kukirudisha palepale. Basi. Hakuna zawadi. Jescah alipoelezwa mara ya kwanza alicheka hadi machozi, na Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika kwenye lango la msitu.

Mwanzoni walitumia simu, lakini simu ikiingia chini ya miti ile mikubwa hubabaika, na betri nayo huisha kabla hamjafika popote. Ndipo wakaamua kununua GPS ya mkononi, na walivyoichagua ile GPS ndivyo watu wengine wanavyochagua kitanda. Jescah alipenda moja yenye kioo kipana cha kugusa. Bravin akamwambia kioo cha kugusa na vidole vyenye matope havipatani, tena ile ilitaka programu ya kwenye Windows, na laptop yake ilikuwa ya Linux. Bravin hakuwa mtu wa kubadili dini kwa sababu ya mashine. Mwishowe wakapata ndogo, mtumba, ya vitufe, inayokula betri za tochi. Ukiichomeka kwa waya, ile Linux inaiona kama flashi tu: unafungua, unaweka faili la pointi zako au unalitoa, unachomoa, unaenda zako. Siku walipoijaribu dukani hapa, vichwa vyao viligusana juu ya kioo kile kidogo, na hakuna aliyekiondoa cha kwake.

Wakati Jescah alipopata kazi ya kuwapimia wakulima miwa upande wa Matungu, alibaki nayo yeye. Siku za kazi ilipima miwa, Jumapili ilitafuta vikasha.

Bravin aliichomeka. Faili likafunguka, ramani ikatandaza mashamba ya Mayoni, na nukta moja nyekundu ikakaa. Ilikaa juu ya bati la nyumba ya Mzee Masinde, upande wa jikoni, pale pale Jescah aliposema amesimama.

"Umeona?" Jescah alisema kwa ushindi.

Bravin alikuwa ameishika GPS kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, macho yakitoka kwenye kioo kimoja yakienda kwenye kingine. Namba za ule ujumbe wa Ijumaa zilikuwa sawasawa na namba zilizokuwa kwenye kioo cha GPS. Lakini zile zilizokuwa ndani ya faili, kwenye laptop, zilikuwa nyingine. Pointi moja, namba mbili.

Jescah ndiye aliyeona kwanza. Aliona kabla mtu hajasema kitu.

"Arc 1960," akasema.

Ofisini kwao walikuwa na ramani za zamani za mashamba, zilizochorwa kwa hesabu hiyo ya zamani, kabla ya mambo ya setilaiti. Kila Jumatatu Jescah aliibadilisha GPS ihesabu vile ili ikubaliane na ramani za ofisi, na kila Jumapili aliirudisha kwenye hesabu ya setilaiti inayotumiwa na wenye vikasha. Ukichukua namba za hesabu moja ukaziandika kwenye mashine ya hesabu nyingine, mashine haitakuambia neno. Itakupeleka tu, kwa adabu zote, mita kama mia tatu kaskazini ya pale ulipotaka. Na mita mia tatu kaskazini ya jiko la Mama Pascalia ni uani kwa Isaiah.

Faili halina shida hiyo. Faili huandikwa kwa hesabu ya setilaiti siku zote, hata kioo kikisema nini. Angemtumia faili kama walivyozoea, wageni wangefika mlangoni. Lakini Ijumaa ile ilikuwa jioni, mama anamwita akanyonyoe kuku, waya hauonekani, naye akasoma kwenye kioo akaandika kwa kidole.

"Ni mimi," akasema. Akaketi juu ya kasha la printa. "Bravin, ni mimi nilifanya hii yote."

Bravin alizunguka meza akachuchumaa mbele yake. Jescah aliogopa kumtazama. Alipomtazama, aliona kitu ambacho hakukitarajia: yule mwanamume alikuwa amefurahi. Si furaha ya kucheka, ila uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Kwa hivyo hukunidanganya," Bravin akasema.

"Nimefanya mbaya kuliko kudanganya."

"Hapana. Hii ni kukosea. Kukosea naweza." Akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na joto, na Jescah akalia hapo hapo, mlango ukiwa wazi na watu wakipita.

Kilichobaki kilikuwa Mzee Masinde. Bravin alisema watakwenda Mayoni leo hii, na atamwambia mzee kwamba yeye ndiye aliyeandika namba vibaya. Mzee tayari hamtaki, akasema, hasira yake moja zaidi haitamuua. Jescah alipaswa kukataa. Alijua anapaswa kukataa. Lakini alimwona baba yake alivyokuwa Jumamosi, amekaa mbele ya benchi tupu na watu wa kanisa wakijifanya hawaoni, na woga ukamziba mdomo. Akafuta machozi, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo jibu.

Walimkuta Mzee Masinde barazani, bado na gambuti za shambani miguuni. Bravin alimwamkia kwa kuinama, "Mulembe, Mzee." Mzee akamwonyesha stuli kwa kidevu. Mama Pascalia alileta chai, akamwekea kila mtu, kisha akaketi kwenye ngazi akikunja kona ya leso yake na kuikunjua.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha," Bravin alianza. "Jumamosi niliwapoteza wazee wangu. Namba Jescah alinipa ilikuwa sawa. Mimi ndio niliandika vibaya."

Masinde alikunywa chai. Alikuwa mtu wa maneno machache na alipenda yajulikane kuwa ni machache.

"Uliandika vibaya," akasema.

"Ndio, Baba."

"Na ukiandika vibaya, hiyo mashine inakupeleka wapi? Inakupeleka mtoni? Inakupeleka Busia? Hapana. Inakupeleka kwa Isaiah." Akaweka kikombe chini. "Kijana, mashine kama hiyo niliiona hapa mara moja tu, siku ndugu yangu alikuja na wapimaji kukata shamba. Tangu niambiwe wewe ni mtu wa kuzunguka msituni na hiyo kitu ukifukia vikebe, nilijiuliza huyu anatafuta nini kwangu. Sasa najua. Isaiah ndiye alikuita uje upime. Hiyo posa ilikuwa ya kunifunika macho."

"Hatufukii, Baba, tunaficha tu," Bravin alisema, na hata yeye aliona neno hilo halijamsaidia.

"Chai ukimaliza, uende. Usirudi. Na wewe Jescah, huyu mtu mmemalizana leo."

Maneno hayo yalimfikisha Jescah mahali ambapo hakuwahi kufika. Alimtazama Bravin. Bravin alikuwa ametazama sakafu, amefunga mdomo, amebeba kosa lisilo lake, na alikuwa tayari kuondoka nalo mpaka Kakamega na asimlaumu maisha yake yote. Jescah aliona kwamba akikaa kimya kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, atakuwa amempoteza. Na atakuwa amempoteza kwa kupenda.

"Baba, ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Nilikosea ni mimi. Bravin aliandika vile nilimtumia, hata nukta moja hakubadilisha. Hii mashine mimi nafanyanga nayo kazi ya miwa. Ijumaa nilisahau kuirudisha, ikatoa namba ya ramani ya zamani. Baba mkubwa Isaiah hakumwita mtu. Hata hakujua wanakuja." Alipumua. "Na huyu alisema ni yeye kwa sababu alijua nakuogopa. Nikamwacha aseme."

Masinde alimtazama binti yake muda mrefu. Hakufoka, na Jescah angependa afoke.

"Nilikaa hapa," mzee akasema polepole. "Watu wa kanisa wananiangalia. Benchi zao hazina mtu. Mzee Were ananiuliza kama nina hakika ni leo. Hiyo aibu yote ilikuwa kidole chako."

"Ndio, Baba. Nisamehe."

Machozi yalikuwa yanamdondoka magotini na hakuyafuta. Bravin aliinuka nusu kwenye stuli, akaketi tena, kwa sababu pale hakuwa na haki ya kumshika.

Ndipo Mama Pascalia akaiachilia ile leso.

"Baba Jescah," akasema, "umemaliza yake. Sasa sema yako."

"Yangu gani?"

"Ya simu."

Masinde hakugeuka. Mama Pascalia akamgeukia binti yake, na kwa sauti ya mtu anayepepeta mahindi, bila haraka, akasema yaliyokuwa yamemkaa kooni tangu Jumamosi. Kwamba Isaiah alipiga simu, akampigia yeye kwa sababu anajua ndugu yake hashiki. Kwamba alisema wageni wenu wamepotea wamefika kwangu, sijawapa hata maji, mwambie Masinde aje awachukue, ama aje tukae pamoja. "Nilimletea simu hapo alipokaa. Alisema yeye hana ndugu, kwa hivyo hana wageni kule. Isaiah hakuwaambia wamekosea nyumba, asionekane anafukuza wageni wa ndugu yake. Alingoja, alingoja sana, mpaka ikawa ni aibu wageni kukaa njaa. Ndio akachinja."

Akainamisha kichwa. "Na mimi nilirudi jikoni nikaendelea kugeuza obusuma, nikakuacha ukilia kwa kitu najua. Hiyo ni yangu, Jescah."

Siku mbili Jescah alikuwa amelia akidhani wamepotea. Hawakuwa wamepotea. Walikuwa wamekaa mwendo wa kumaliza muwa mmoja mdomoni, na baba yake alikuwa anajua.

"Ulikuwa unajua," akamwambia. Hakuwahi kuzungumza na baba yake kwa sauti ile. "Uliniacha nivae, nikae jikoni mpaka giza, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nasikia," Masinde akasema.

Walimngoja. Mzee alikuwa anatazama miwa, upande wa kaskazini, ambako ilikuwa imesimama mirefu na kufunga kila kitu.

"Huyo mzee wenu ana sauti," akamwambia Bravin, na ilikuwa mara ya kwanza kusema naye bila ukali. "Alipoomba kabla ya kula, nilisikia yote. Aliombea binti yangu. Alimtaja na jina. Alipomaliza nikajikuta nimesema amina." Akakohoa. "Peke yangu hapa, na benchi za watu."

Hasira ya Jescah haikuondoka, lakini iliingiliwa na huruma, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja kifuani havimwachi mtu apumue. Alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Twende, Baba. Twende sasa hivi, sisi wote. Wazee wake wamesema hawawezi kula mara ya pili, na wako na haki. Ile kitu ilianzia kule lazima imalizikie kule. Twende tu."

"Siendi."

"Baba."

"Kuingia kwa Isaiah? Siku nitaingia kule, mtakuwa mmenibeba." Akavuta mguu wa gambuti kutoka karibu na magoti ya binti yake, si kwa chuki, ila kwa kujikaza. Na Jescah alijua kwamba amefika ukuta, na kwamba ukuta huo ulikuwa pale tangu yeye akiwa mtoto.

Bravin alisimama. Akasema kwa heshima kwamba yeye hatamchukua binti ya mtu kwa kupita mlango wa nyuma. Kama ni kungoja, atangoja, na kama ni kutokuja tena, basi anashukuru kwa chai. Alikuwa amegeuka kushuka ngazi Masinde aliposema tena, akiiambia miwa.

"Mimi ndio nilisema siendi. Mama yake hana ugomvi na mtu."

Mama Pascalia alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha. Aliingia ndani akatoka na kitambaa chake cha Jumapili kichwani, na kwa namna alivyokifunga haraka mtu angejua kilikuwa kimetayarishwa.

"Na mkifika," Masinde akaongeza, "msiseme nimewatuma."

"Asante, Baba," Bravin akasema.

"Usiniite baba." Akachukua kikombe chake, kikiwa kitupu, akakitazama ndani. "Bado."

Walikwenda kwa mstari, mama mbele, majani ya miwa yakiwakwaruza mikono. Jescah alikuwa kati, na mara moja, pale njia ilipobana, Bravin aliweka mkono mgongoni mwake kumsaidia kupita, akauacha hapo zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mzee Isaiah aliwaona wakitokeza uani, akaacha jembe aliloshika. Alimwangalia shemeji yake, kisha akaangalia njia waliyotoka, kama kuna mwingine nyuma.

"Amewatuma?"

"Hakuna mtu ametutuma," Mama Pascalia akajibu.

Isaiah akatikisa kichwa, na mdomo ukamchezacheza. "Ndio yeye huyo," akasema, akawakaribisha ndani.

Alipokwisha kuelezwa habari ya mashine alicheka kidogo, akanyamaza upesi alipoona Jescah hacheki. Akasema kwa upande wake mambo hayajaharibika. Kuku waliliwa, maombi yalifanywa. Kilichobaki Jumamosi kilikuwa kitu kimoja tu, ambacho yeye hakuthubutu kukifanya bila wazazi: msichana kuitwa kutoka jikoni, asimamishwe mbele ya pande mbili, aulizwe kama anawajua wageni hawa. Akisema hawajui, wageni wanachukua kofia zao. Akisema anawajua, neno limesimama.

Bravin alimpigia Mjomba Protus kule Likuyani, akamweleza kila kitu mwanzo mpaka mwisho. Mjomba alinguruma kwamba wao hawali mara mbili. Isaiah akamwita mukhwasi, yaani mkwe, akamwambia hakuna kula, ni kuuliza tu. Mwishowe Mjomba akasema waweke simu mezani, kwa spika, na waulize vizuri.

Basi Jescah alisimama katikati ya sebule ya baba yake mkubwa, mahali ambapo hakuwa ameingia tangu utotoni. Dirisha la upande wa miwa lilikuwa wazi. Na hapo ndipo uzito wa jambo ulipomshukia sawasawa. Akijibu hapa, basi hapa ndipo atakuwa amejibu milele. Wajukuu wataambiwa bibi yao aliulizwa kwa Isaiah, na baba yake hakuwepo. Akingoja baba yake abadilike, huenda akangoja mpaka wote wawili wazikwe, yeye na Bravin.

Bravin aliona. Alikuwa anaona kila kitu cha Jescah, huyo, ndiyo maana Jescah alimpenda.

"Ukitaka tungoje, nitangoja," akamwambia chini chini. "Sisemi kwa mdomo tu."

Jescah alimtazama machoni, akaamini, na kuamini huko ndiko kulikomaliza shauri.

"Jescah, binti ya Masinde," Isaiah akasema, akilitaja lile jina waziwazi, jina ambalo halikuwa limetajwa kwa wema ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu. "Unawajua hawa wageni?"

"Nawajua."

"Na huyu kijana, unamjua?"

"Namjua," Jescah akasema, kwa sauti kubwa iliyomfanya mama yake ashtuke. "Namjua. Ni Bravin, na ni mimi ninayemtaka."

Kutoka mezani Mjomba Protus akasema amesikia, simu ni nzuri, hakuna haja ya kupiga kelele. Jescah akaipa simu kisogo, akageukia dirisha la upande wa miwa, kule alikokaa baba yake, akayarudia maneno yake yote kwa sauti ileile.